Kitendawili cha Konokono

"Alianza lini kuburuta miguu?" mtafiti aliuliza, kalamu ikisubiri juu ya fomu.

Fundi saa alikuwa bado anaitazama picha ya ubongo wa mkewe, yenye madoa meupe kama unga uliomwagika sakafuni. Kila doa, alikuwa ameelezwa, ni mahali ambapo mishipa myembamba kama uzi imeziba. Mtu huishiwa mwendo kabla hata hajaanza kusahau.

"Kwa hiyo si uvivu?"

"Si uvivu, mzee wangu. Ni maradhi."

Mkewe alikaa kando, miguuni ana viatu vilivyolika ncha. Jozi ya tatu hiyo, na fundi alikuwa ameapa hanunui nyingine. "Wenzio huvaa viatu, wewe unavila!"

Na kile kitendawili chake! Kila mara wageni walipoketi kungoja chai, fundi alitega: "Nina konokono asiyebeba nyumba, ila anaichelewesha nyumba nzima." Watoto walipasuka kwa kicheko: "Mama!" Naye mama, akiburuta miguu na trei mikononi, alicheka pamoja nao.

"Mwaka siukumbuki," fundi alisema sasa, yeye ambaye hajawahi kupoteza dakika.

"Jaribu, mzee. Bila mwaka, hatutajua maradhi haya yanakwenda kwa kasi gani."

Mkewe akainua uso taratibu, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu.

"Mwanangu, andika mwaka ambao mume wangu alitunga kitendawili chake." Kisha akamgeukia mumewe. "Hebu mtegee asikie, baba watoto. Leo nitajibu mwenyewe."