Benchi ya Wenye Tumbo

Hapana, hawakugombana. Nani alikwambia waligombana? Kugombana ni watu wawili, na Jecinta siku hiyo karibu hakufungua mdomo. Velma ndiye aliongea. Na vile aliongea pale kliniki, mpaka leo akikumbuka anafunika uso na leso.

Velma ni bibi ya Esekon, yule fundi wa mawe anakaa Bulla Pesa. Mimba yake ya kwanza ilikuwa miezi sita. Jecinta ni mama ya Esekon, na kila siku ya kliniki lazima angemsindikiza. Kitabu cha Velma alibeba yeye kwa mkoba wake, dawa pia, kama vile Velma ni mtoto wa nasari. Sista akimaliza na Velma, Jecinta naye anaingia, mlango unafungwa.

"Namuuliza kama unakula vizuri," anasema akitoka.

Velma aliona aibu sana. Miaka ishirini na mbili, anapelekwa kama ng'ombe ya mnada! Hata odowa, yale mawe laini wajawazito wanatafuna, Jecinta alimnunulia mfuko mzima. Velma hakuipenda, lakini mfuko ulizidi kupungua. Akafikiri ni watoto wa jirani.

Sasa siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Jua kali, benchi moja, wanawake wamejaa na matumbo yao, na Jecinta katikati amejifunga shuka mbili kama mtu wa baridi ya Nanyuki. Velma alienda kupimwa uzito, kurudi akapata nafasi yake imekaliwa. Akasimama, mgongo unamuuma.

Gumato, mama mmoja wa Kinna mwenye alikuwa anangoja mtoto wa nne, akaleta mchezo. Kila mtu aseme kitu anaamini, lakini akisema nyumbani atafukuzwa.

"Mimi naanza," Gumato akasema. "Mtu asikuje kuona mtoto wangu kabla arobaini iishe. Wanakuja kumaliza maziwa, wanaacha kikohozi."

Wakacheka. Makandi, yule Mmeru wa kuuza mboga, akasema yeye mtoto hatamwita jina ya mama ya bwana, hata wafanye nini. "Siku nitamgombeza mtoto, mama mkwe atafikiri ni yeye!"

Wakacheka mpaka sista akachungulia dirishani.

"Na wewe, Velma?"

Velma angeweza kusema kitu kidogo. Angesema hapendi uji. Lakini mgongo ulikuwa unamuuma, na kile kicheko cha wenzake kilimpa nguvu mbaya.

"Mimi nasema mama ya bwana abaki nyumbani," akasema, sauti juu. "Kliniki si harusi. Na hii benchi ni ya wenye tumbo. Mwenye hana, ainuke."

Hakuna mtu alicheka. Gumato aliangalia miguu yake.

Jecinta aliinuka polepole, mkono mmoja kwa goti. "Kaa, msichana wangu," akasema. Hiyo tu. Akaenda kusimama kwa ukuta, pale kivuli kimeisha. Saa moja na nusu alisimama. Velma alikaa, na ile benchi ilimchoma kuliko jua.

Walirudi nyumbani. Njiani Jecinta alisimama mara mbili, akashika ua wa watu, akapumua. Velma alitaka kusema pole. Neno lilifika kwa meno likarudi.

Nyumbani walimpata mzee Ewoi, bwana ya Jecinta. Yeye anakaa Ngaremara na mbuzi zake, mara moja kwa mwezi anakuja. Alikuwa amechinja. Jecinta akapika, maini akaweka kando kwa sahani ya Velma, maana sista alisema yanaongeza damu. Ugali ukapakuliwa, na Jecinta hakukaa. Anaingia jikoni, anatoka. "Kuleni, kuleni."

"Mama, ni nini?" Esekon akauliza.

"Hakuna kitu. Nimesahau chumvi."

Mzee hakunyoosha mkono. "Hatuwezi kula na mpishi amesimama," akasema.

Velma alijua ni yeye. Akikula hayo maini bila kufanya kitu, hiyo nyumba haitakuwa nyumba tena. Lakini mbele ya baba mkwe angesema nini? Aliona kitu moja tu anaweza. Ile dawa ya damu, kila siku alikuwa anasukumwa ndiyo ameze. Leo atameza bila kuambiwa, Jecinta arudi amkute ameshika maji, ajue ametubu.

Akachukua mkoba nyuma ya mlango. Akatoa pakiti ya dawa. Chini kulikuwa na pakiti ingine. Akatoa kitabu chake cha kliniki, kile amefunika na karatasi ya kalenda. Chini kulikuwa na kitabu kingine cha kliniki.

Alifungua ukurasa wa kwanza tu. Jecinta. Miaka arobaini na tatu. Tarehe ya kujifungua, wiki mbili baada ya yake.

Velma akarudisha kila kitu vile kilikuwa. Jecinta aliingia na chumvi, akabaki amesimama pale mlangoni. Hiyo nyumba ilikuwa na kiti moja tu ya kuegemea mgongo, na siku zote Jecinta mwenyewe ndiye alimkalisha Velma hapo. Velma akaenda, akampokea chumvi, akamshika mkono mpaka kwa kiti.

"Kaa, mama," akamnong'oneza. "Hii ni ya wenye tumbo."

Mzee Ewoi aliinamia ugali wake kama mtu ameangusha sindano ndani, na wote wakakaa, wakaanza kula.