Uzi wa Buluu

Jumanne, tarehe 3 Novemba 1998. Asubuhi manyunyu yalianguka juu ya Kamina.

Assumani, mwuza petroli, alipigishwa magoti matopeni. Mimi fundi nilikuwa nimesema kwamba petroli yake chafu ndiyo iliyozima gari la zamani la mbio la komanda. Komanda akaita hilo usaliti, na adhabu yake ni risasi.

"Fundi, petroli yangu iko muzuri. Weye unanijua."

Nilifungua enjekta ya mwisho, mdomo mwembamba unaonyunyizia petroli kwenye injini. Ndani mlikuwa na uzi wa buluu. Petroli ile niliichuja mwenyewe, kwa kitambaa cha joho langu la kwaya.

Niliomba kimyakimya. Kisha nikapiga magoti kando yake.

"Komanda, kosa ni yangu minyi. Mufungue Assumani. Mbele yenu bote naahidi: sitakimbia."