Jino la Posa

Semisi alishuka mashuani, akawapita watalii waliojianika mchangani, akaingia nyumba ya kwanza bila hodi na kuanza kula mihogo ya watu.

"We pweza, mihogo gani hii? Umeipika au umeizika?"

Bibi Makereta aligeuka na mwiko mkononi. Uso ukamkunjuka. "Ah, papa! Nilidhani mwizi, kumbe jambazi."

Zamani hizo, papa wa kwao Semisi alipigana na pweza wa visiwa hivi vya Kadavu, akachapwa vibaya, akaomba suluhu. Tangu hapo watu wa pande hizo mbili ni watani. Mtani huingia, hutukana, huchukua akipendacho, na mwenyeji akinuna ni aibu yake.

Lakini Semisi hakufuata mihogo. Jioni hiyo mjomba wake, Nemani, angempeleka kisiwa cha jirani kumposea Losana, msichana waliyependana mjini Suva, na posa bila jino la nyangumi si posa. Yeye hakuwa nalo wala uwezo wa kulipata. Juu ya mlango wa bibi lilining'inia moja, kubwa, rangi imekolea kama chai.

"Hilo nalichukua."

"Papa gani huyu anayekuja kuomba jino!" Bibi alicheka, kisha akamkazia macho. "La nini?"

"Naenda kuposa. Losana, binti wa Sakiusa, hapo ng'ambo."

"Sakiusa! Bado anapumua?"

Bibi alikaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaliangua jino mwenyewe, akalipaka mafuta ya nazi, akalifunga kwenye mkeka mpya.

"Chukua, meno nje we. Ila mpeni yeye mwenyewe, mkononi."

Jioni walikaa sebuleni kwa Sakiusa, vichwa chini. Mjomba Nemani alimwaga maneno matamu, akalinyanyua jino. Roho ya Semisi ilikuwa juu juu. Mzee akilipokea, mke kapatikana. Jino likirudi kwa aliyelitoa, posa imekataliwa, na hapo hakuna cha kubembelezana.

Sakiusa alinyoosha mikono, akalipokea. Semisi nusura apige kelele kwa furaha.

Mzee aliligeuza jino. Akaivuta kamba yake, akaisogeza karibu na taa. 

"Kamba hii niliisuka mimi," alisema taratibu, "nilipokwenda kuposa. Mmelitoa wapi?"

"Kwa Bibi Makereta," Semisi akajibu.

Mama yake Losana alichungulia kutoka jikoni. Akalitazama jino, akamtazama mume aliyeishi naye miaka ishirini.

"Haya," alisema, "mama yangu kesha kataa," akaanza kukunja mikeka yake.