Kangaga na Ufa wa Mwamba

Huko juu mlimani, penye mawe matupu, Kangaga aliishi kwenye ufa wa mwamba. Ukame ulipoingia, alijikunja kama ngumi, majani yake yakawa ya kahawia. Ndivyo ukoo wake ulivyozoea kusubiri mvua, kwa kujikunja na kunyamaza.

Pimbi alikuwa akiutamani ufa ule kwa ajili ya wanawe. Akaja na jirani yake, Mjusi.

"Maskini, amekwisha," alisema Pimbi.

"Ngoja kwanza, jirani. Mwaka juzi tulimlilia hivihivi, mvua ikaja kutuumbua."

"Acha woga wako! Aliye hai huitika. Hodi, Kangaga! Unaona? Kimya."

Kangaga alisikia kila neno, lakini hakuwa na maji ya kuitikia. Pimbi akamvuta. Hakung'oka. Akavuta tena, hakung'oka. Mara ya tatu mizizi ilikatika, akamtupa chini maweni.

Siku ya nne mvua ikanyesha. Kangaga akafunguka palepale alipotupwa, kijani kibichi, mizizi yake ikiwa hewani. Pimbi akachungulia kutoka ufani, wanawe wakiwa wamelala nyuma yake.

"Mwenzangu, kumbe u hai! Mbona hukusema?"

"Nilisema," Kangaga akajibu. "Ulinivuta mara mbili nikaung'ang'ania mwamba. Maiti hung'ang'ania?"

Pimbi akasema pole, tena kwa machozi. Lakini ufa hakuuhama, na jua lilipotoka Kangaga akakauka, safari hii kwa kweli.