Prosesa Iliyogoma Kukimbia

Kitundu, ambaye haoni, alikuwa akifanya mtihani wa kuomba kazi ya ukarani kwa kompyuta yake inayomsomea maswali. Tangu alipousasisha mfumo wake wa Linux asubuhi ile, prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikuwa imeng'ang'ania kasi ya chini kabisa, na sauti masikioni mwake ilikwamakwama. Aliandika amri ya kuiongeza kasi. Kasi ikapanda, kompyuta ikasoma maneno matatu, kasi ikashuka tena. Akarudia mara ya tano.

“Nikusomee, kaka?” aliuliza msimamizi, Bi Dafroza.

“Miaka kumi sijasomewa na mtu!”

Pembeni, watahiniwa wenzake walikuwa wakibofya bila kusita. Kitundu akavua vipokea sauti, akavitupa mezani.

“Haya, dada. Nisomee.”

Dafroza akavuta kiti. Kitundu akamgeuzia sikio, akaweka vidole juu ya kibodi.