Eda ya Bi Mwanahawa

"Shoga, eda yako unaihesabu tangu lini, ikiwa kila jioni mumeo anakuuliza umekula nini?" jirani yake, Bi Time, alimtania Bi Mwanahawa siku moja.

Zama hizo kila marehemu aliwekwa kwenye televisheni ya nyumbani kwake, akaendelea kuongea. Bi Mwanahawa hakucheka. Aliizima, akaanza kuhesabu miezi minne na siku kumi bila kuvuka kizingiti. Jioni alisuka mkeka na kusoma juzuu. Hakulia, wala hakufurahi.

Ilipobaki siku moja, bintiye Rukia alikuja, akaiwasha televisheni. Marehemu akatokea, akauliza:

"Mama Rukia, mbona umeniacha peke yangu?"

"Mjibu baba, mama!"

"Umeniharibia eda, mwanangu. Naenda kuihesabu upya pasipo televisheni."

Bi Mwanahawa aliukunja mkeka, akautia kwapani, akavuka kizingiti.