Maji ya Kuku wa Odis

Mgeni njoo, mwenyeji afe. Huko Sand Mountain, Alabama, mfugaji hakanyagi banda la mwenzake, maana ugonjwa husafiri kwenye soli za buti. Kwa hiyo kuku wa Odis Tidmore walipoanza kuharisha na kufa, alijua wa kumlaumu. Jirani yake Hoyt alikuwa ameingia bandani kuazima spana, bila hata kubadilisha viatu.

Asubuhi hiyo Odis aliokota mizoga mpaka ndoo ikafurika. Akaegemea nguzo, akakohoa kikohozi chake kirefu, mkono kifuani. Maranda yalikuwa yamelowa chepechepe na amonia ilikata macho. Daktari alikwisha kumwambia kwamba mapafu yake hayatavumilia mwaka mwingine wa hewa ile. Odis alimjibu, mkewe Verlene akisikia, kwamba atatoka bandani siku kampuni itakapomfukuza, si kabla.

Na siku hiyo ilikuwa ikinyemelea. Kampuni ndiyo iliyoleta vifaranga na chakula, na kila kuku walipochukuliwa iliwapambanisha wafugaji: nani kawanenepesha zaidi kwa chakula kilekile. Odis alikuwa ameshika mkia mara mbili mfululizo. Akiushika tena, mkataba umekwisha.

Alimpigia Hoyt simu, akamtukana mpaka pumzi ikamwishia. Hoyt, aliyebatizwa naye siku moja, alimwacha amalize.

"Ndugu Odis, kuku wangu wazima wa afya. Ningekuleteaje ugonjwa nisio nao?"

Odis akakata simu.

Mchana akaja Keenum, afisa wa kampuni, kijana aliyevaa mifuko ya plastiki juu ya viatu. Alimpasua kuku mmoja, akaonyesha utumbo uliochakaa kama taulo kuukuu. Ugonjwa huu haukuletwa na mgeni, alisema, umeanzia humu humu. Kuku wa kampuni hawapewi antibiotiki, na kampuni inajigamba kwa hilo. Kinga yao ni bakteria wazuri wanaotiwa kwenye maji ili walinde utumbo. Akauliza kama walitiwa. Odis akamwapia kwamba walitiwa kila mara, chupa nzima nzima.

Keenum alibonyeza kinywesheo cha kuku, tone likaanguka kiganjani, akalinusa.

"Mzee, haya maji yana klorini. Bomba la klorini linafungwa kwanza, ndipo unatia bakteria. Usipolifunga, klorini inawaua wote. Kuku wako wamekuwa wakinywa maji matupu."

Odis akageuka kuitazama nyumba. Kulifunga bomba lile kulikuwa mikononi mwa Verlene tangu walipojenga mabanda, na mikono hiyo haikuwahi kukosea. Alimwona kwa dirisha la jikoni, amewapa mgongo. Akimtaja, kijana huyu angekwenda kulitangaza jina la mkewe kwa wafugaji wote wa mlimani.

"Ni mimi niliyesahau," alisema. "Uzee."

Keenum alivua glavu zake taratibu, macho chini. Alisema anasikitika. Hawa wakishachukuliwa, kampuni haitamletea vifaranga wengine.

Jikoni, Verlene alikuwa akiutoa mkate wa mahindi kwenye oveni. Odis aliketi, akangoja pumzi imrudie, kisha akamweleza yote kwa upole: mkataba uliokufa, Hoyt aliyetukanwa bure, klorini. Akamshika mkono.

"Usijilaumu, mama. Nimemwambia ni mimi. Nani asiyesahau?"

Verlene aliutoa mkono wake, akamkatia kipande kikubwa, akakipaka siagi mpaka pembeni.

"Sikusahau," alisema. "Na radhi sikuombi. Kula."